Uwazi Peke Yake Si Uwajibikaji: Funzo la Daftari la Namba za Intaneti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumeurudia mara nyingi katika semina za ushirika, tangu Tukuyu hadi Mafinga, na ni msemo wa kweli. Lakini katika miaka ya karibuni limetokea Afrika jambo linalotulazimisha kuutazama upya. Daftari lilikuwapo. Lilikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kulisoma. Mikutano ilifanywa hadharani, kumbukumbu zilitangazwa, bodi ilichaguliwa kwa kura. Hata hivyo mali ikapotea. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, na kuihakiki nadharia iliyotumika kukiongoza chombo kilichohusika, maana nadharia hiyo sasa wanafundishwa vijana wetu vyuoni kana kwamba haihojiwi.

Kwanza tuelewane juu ya mali yenyewe. Kila mtambo unaoungana na intaneti hauna budi kutambulika kwa namba, kama kiwanja kinavyotambulika kwa namba yake katika ofisi ya ardhi. Namba za mtindo wa zamani, ambazo bado zinatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho. Mabara yaliyotangulia yakaanza kuishiwa. Afrika, iliyochelewa kuunganishwa, ikabaki na akiba. Likatokea lile ambalo hutokea kila penye uhaba na soko: kitu kilichotolewa kwa matumizi kikageuzwa bidhaa. Kufikia mwaka 2019 namba moja iliuzwa kwa kiasi cha dola 20 za Marekani.

Daftari la namba hizo kwa bara letu linashikwa na AFRINIC, chombo chenye makao yake Ebène, Mauritius, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo Waafrika waliomba namba kwa washika madaftari wa Ulaya, Amerika na Asia. Kwa hiyo kuanzishwa kwake kulikuwa hatua halisi ya kujitegemea, na yeyote anayekikosoa chombo hicho asilisahau hilo. Wanachama wake ni wale wanaopewa namba: makampuni ya simu, watoa huduma za intaneti, vyuo vikuu na idara mbalimbali. Hao ndio wanaochagua bodi. Kanuni za ugawaji hutungwa katika mikutano ambayo mtu yeyote, hata asiye mwanachama, anaruhusiwa kuhudhuria na kusema.

Nadharia ya uongozi huo huitwa ya wadau wengi. Inasema kwamba serikali, makampuni, wataalamu na raia wakikutana mlango ukiwa wazi, na wakaamua kwa maafikiano, basi hapana tena haja ya mkubwa wa kuwasimamia; uwazi wenyewe utawasimamia. Hapo ndipo lilipo kosa.

Tuangalie yaliyotokea. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba mafungu makubwa ya namba yalikuwa yamehamishwa kwa hila. Mengine yalikuwa yameandikwa kwa majina ya makampuni ya Afrika Kusini yaliyokwisha kufa. Ukaguzi wa AFRINIC yenyewe, uliotangazwa mwaka 2021, ulikuta kwamba namba zaidi ya milioni 2.3 zilichotwa katika akiba ya bara, na nyingine karibu milioni 1.8 za zamani zilikuwa na mashaka. Jambo la kuzingatia ni hili: waliofichua hawakuwa bodi, wala wakaguzi, wala mkutano mkuu. Walikuwa mchunguzi mmoja wa nje na waandishi wa habari wa Afrika Kusini, ambao walikaa wakalisoma daftari lile lile lililokuwa wazi kwa wote. Uwazi uliwasaidia watu hao, nasi tuuheshimu kwa hilo. Lakini kwa miaka hiyo yote wale waliokuwa na wajibu wa kulisoma hawakulisoma, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

Mgogoro wa pili ukafuata. Kampuni iitwayo Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli, ilikuwa imepewa namba zipatazo milioni 6.2 kati ya 2013 na 2016. AFRINIC ilidai kwamba masharti ya kupewa namba hizo yamevunjwa. Kampuni ikakana na kwenda mahakamani. Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa muda kwa amri ya mahakama ya Mauritius. Kufikia mwisho wa 2022 bodi haikuwa tena na akidi. Septemba 2023 mahakama ikamteua msimamizi wa kukishika chombo. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa kwa sababu ya mashaka juu ya hati za kupigiana kura, na Septemba 2025 ndipo bodi mpya ilipopatikana. Hatuna kazi ya kuamua hapa nani alikuwa na haki katika kesi hizo. Tunachouliza ni hiki: katika muda wote huo wanachama walikuwa wapi?

Jibu linapatikana tukiuchunguza mlango wenyewe. Mlango ulio wazi kwa wote hauwi sawa kwa wote. Kwenye mkutano wa kimataifa anakwenda mwenye nauli, mwenye nafasi na mwenye maslahi makubwa ya kulinda. Mtoa huduma mdogo wa Iringa ana nguzo na nyaya za kuhangaikia. Mwenye maslahi ya mamilioni ya dola hakosi mkutano hata mmoja. Basi asiyefika anampa mwingine hati ya kumpigia kura, au anaacha kabisa; na wakati huo huo yanatangazwa maafikiano ya wadau wote. Mwanafunzi wa Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambaye hulipia gharama za yote hayo kila anunuapo kifurushi, hatajwi popote.

Kwetu hili si geni. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta uendeshaji mbaya, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni wanachama kutoelewa haki na wajibu wao. Mikutano mikuu ilikuwapo. Mkulima alikaa, akasikiliza hesabu zikisomwa, akapiga makofi, akarudi shambani. Hesabu alisomewa, kuzihoji hakujua.

Hapa makada tujihadhari na majibu ya haraka. Nimesikia darasani hoja kwamba chombo cha namna hiyo kivunjwe na daftari likabidhiwe serikali. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini historia yetu inaijibu. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua nafaka moja kwa moja vijijini. Nia ilikuwa kumwondoa mlaji wa katikati. Matokeo yalikuwa malipo kuchelewa, na mkulima wa mahindi wa Ismani kukosa hata ule mkutano wa kulalamikia. Afisa wa mamlaka aliwajibika kwa wizara, na wizara iko mbali. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama hivyo. Tulibadilisha mshika daftari. Uhusiano kati yake na mwenye mali tukauacha vilevile.

Wala ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. W3C, chombo kilichoanzishwa mwaka 1994 kutunga viwango vya kurasa za intaneti, nacho husifiwa kwa uwazi. Septemba 2017 kilipitisha kiwango cha kufungia picha na filamu ili zisinakiliwe, jambo lililotakiwa sana na makampuni makubwa. Wanachama 108 walikubali, 57 walikataa, 20 hawakuelemea upande wowote. Kwa utaratibu wa chombo hicho kura ya kila mwanachama haikutangazwa kwa umma, na shirika la kutetea haki liitwalo EFF likajitoa siku ile ile. Mwaka 2019 chombo hicho kilikubali kwamba kiwango kikuu cha kurasa hizo kiandikwe na WHATWG, ambamo kamati ya uongozi ni makampuni manne: Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Rasimu zao zote ziko wazi. Yeyote anaweza kuzisoma na kutoa maoni. Lakini hakuna mtumiaji hata mmoja, wa Mbeya wala wa Chicago, mwenye uwezo wa kumwondoa aliyeamua.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo nadharia ya wadau wengi inaificha. Uwazi maana yake ni kwamba ninaweza kuona. Uwajibikaji maana yake ni kwamba nikiisha kuona ninaweza kumwita aliyetenda, akaja, akajibu, na jibu lisiporidhisha akaondoka. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, haukuridhika na kumwonyesha mfanyakazi makosa ya mkubwa wake. Uliyakataza majivuno, ubadhirifu na uonevu wa viongozi, na wafanyakazi wa viwandani wakaishika ibara hiyo na kuwahoji mameneja. Palitokea vurugu katika baadhi ya viwanda, na mkubwa akatambua kwamba yuko wa kumwuliza.

Ni kazi gani basi inayotukabili? Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita Iringa na Mbeya kwenda Tunduma, na kila shule na zahanati inayounganishwa inahitaji namba. Kwa hiyo tuwafundishe vijana kuuliza maswali matatu. La kwanza: ni wanachama gani wa Tanzania wenye kura katika AFRINIC, na nani hasa anaishika kura hiyo? Jina hilo lijulikane. La pili: je, mshika kura huyo alirudi na kutoa taarifa, au alimpa mtu mwingine hati na kusahau? Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuwataka wenye leseni wajibu hilo bila kulinyang'anya daftari kutoka kwa wanachama. La tatu: nani amepewa kazi, kwa mshahara na kwa tarehe, ya kulikagua daftari na kuleta majibu kwa wanachama hata pasipokuwa na kashfa?

Vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kulisoma daftari lile leo hii, kwa kuwa liko wazi. Wanafunzi kumi wa Mbeya wakipewa kazi ya kufuatilia namba zote zilizoandikwa kwa jina la Tanzania, na matokeo yakapelekwa kwa wenye kura, tutakuwa tumeanza kuugeuza uwazi uwe uwajibikaji. Kazi hiyo haihitaji kusubiri mkutano wa kimataifa wala idhini ya mtu. Inahitaji mwalimu wa kuipanga na wanachama watakaokubali kuulizwa.