Uhakiki: Daftari la Mabadiliko katika Programu Huria

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na diwani. Mara hii tunahakiki matini isiyo na jalada wala bei: daftari la mabadiliko, yaani orodha inayoambatana na programu huria ili kueleza toleo jipya limetofautianaje na lililotangulia. Mwandishi wake ni msimamizi wa programu. Msomaji wake ni mtu anayetaka kuamua kama aweke toleo jipya leo au asubiri.

Tuanze na Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993. Humo kila kifurushi kina daftari lenye muundo maalumu: jina la kifurushi, nambari ya toleo, kiwango cha uharaka, hoja zinazotanguliwa na kinyota, kisha jina la msimamizi na tarehe. Akitaja nambari ya ripoti ya hitilafu kwa namna iliyoagizwa, ripoti hiyo hufungwa yenyewe kifurushi kinapopokelewa. Nidhamu hii ni ya kusifiwa. Hata hivyo, umbo pekee halitoshi. Yapo maingizo yanayosema tu kwamba toleo jipya limetoka, jambo ambalo msomaji analijua tayari.

Kasoro kubwa zaidi ni ya wale wanaonakili kumbukumbu zote za Git na kuziita daftari. Hizo ni kauli za watengenezaji wao kwa wao, ilhali hadhira ya daftari ni nyingine. Mradi wa GNU ulitenganisha mambo hayo: faili la ChangeLog kwa watengenezaji, la NEWS kwa watumiaji. Naye Olivier Lacan alianzisha mwaka 2014 mwongozo uitwao Keep a Changelog, ambao sasa hupanga mabadiliko chini ya vichwa sita.

Vichwa hivyo vinatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Kiingereza hutumia kitenzi kisichotaja kitendwa. Kiswahili hudai upatanisho. Tuandike imerekebishwa, kimerekebishwa au yamerekebishwa? Tunapendekeza kirejeshi kinachowakilisha mambo: Yaliyoongezwa, Yaliyobadilishwa, Yatakayoondolewa, Yaliyoondolewa, Yaliyorekebishwa, kisha Usalama.

Tazama jozi ya Yatakayoondolewa na Yaliyoondolewa. Ya kwanza ni onyo: jambo bado linafanya kazi, lakini mtumiaji ajiandae. Ya pili ni taarifa kwamba limekwisha kutolewa. Istilahi ya Kiingereza ya lile onyo huwatatiza wengi. Kiswahili hulieleza kwa njeo tu. Tofauti hiyo isipoandikwa wazi, mtu huweka toleo jipya jioni, na asubuhi kazi yake haifunguki.

Hivyo basi, tunawahimiza wanafunzi wetu wanaotafsiri programu wasiishie kwenye menyu na vitufe. Watafsiri daftari pia, na kabla ya kuandika kila ingizo wajiulize: mtumiaji akisoma hili, atajua la kufanya?