Dalili za Ukatili wa Ndoa katika Rosa Mistika: Usomaji wa Mbinga

Uhakiki wa Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi umejikita mno katika malezi ya Rosa, ukamsahau Regina. Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya Charles, anadhibiti nani awasiliane na nani. Dalili hiyo ni ya kutambuliwa kabla ya jeraha. Mwaka huohuo, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kilitamka kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake. Mbinga, ambako mke hulima ngoro na kuchuma kahawa huku fedha za mauzo zikishikwa mara nyingi na mume, msomaji atauliza: Regina angepata wapi nauli ya kulifikia Dawati la Jinsia, na jirani gani angewapokea watoto usiku?