Kanzu, Kiti na Bamba la Kioo: Tabaka katika Picha za Kwanza za Buganda

Picha za watu zilizopigwa katika ufalme wa Buganda, zikiwemo za Mengo na Namirembe, vilima ambavyo leo vimo ndani ya Kampala, kati ya miaka ya 1870 na mwanzo wa karne ya 20, husomwa mara nyingi kwa kutazama mavazi peke yake, ingawa mbinu ya upigaji yenyewe ilichangia sana kumtenga mwenye cheo na asiye nacho.

Bamba la kioo, yaani kioo kilichopakwa utando wenye chumvi za fedha zinazobadilika zinapopigwa na mwanga, liliitikia rangi ya buluu kwa wepesi na nyekundu kwa shida sana. Kwa hiyo lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba yenye wekundu wa udongo, ilitoka karibu nyeusi, ilhali kanzu ya pamba iling'aa. Na mpiga picha aliyeacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi ili sura zionekane aliiunguza kanzu hiyo mpaka mikunjo yake ikafutika. Katika picha ya kundi, basi, jicho humwendea kwanza chifu, na mkopi, yaani mtu wa kawaida asiye na madaraka, humezwa na kivuli cha ua wa matete. Kemia haikukusudia upendeleo huo, lakini waliofaidika nao ni wale waliomudu nguo za kutoka pwani.

Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza alizijua nguo hizo vyema. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika kwake mwaka 1875 na kumpiga picha pamoja na wakuu wake, alimkuta amevaa tarbushi, joho jeusi na vazi jeupe lenye mshipi wa dhahabu, mtindo uliofika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa Unguja. Mchoro uliochongwa kutokana na picha hiyo ulitoka katika kitabu chake cha mwaka 1878, na msomaji wa Ulaya, ambaye pengine alitarajia ngozi na manyoya, alikutana na baraza lililovaa kama watu wa pwani.

Kiti nacho kina historia yake. Mwaka 1862 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alizua mvutano kwa kushikilia kukaa juu ya kigoda chake cha chuma mbele ya Mutesa, kwa sababu mbele ya Kabaka watu walikaa chini. Chifu anayeonekana ameketi kitini katika picha za baadaye, basi, amekalia alama ya heshima ambayo babu yake asingethubutu kuigusa barazani.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi uko chini ya picha, katika maelezo. Wakuu hutajwa kwa majina na vyeo, kama Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa. Lakini katika kitabu cha Harry Johnston kuhusu Uganda, kilichotoka mwaka 1902, watu wengi wamepigwa kwa mbele na kwa ubavu, kisha wakatajwa kwa kabila tu. Tofauti hiyo ilionekana pia katika ardhi: Johnston huyo ndiye aliyefanya, kwa niaba ya Waingereza, Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uliwatengea machifu na wamiliki binafsi 1,000 ardhi ya maili za mraba 8,000. Wakopi walioilima ardhi hiyo hawakuwa na fungu lao katika mgawo huo.