Mashine Kuukuu Hupimwa Kabla ya Kutibiwa

Mteja amekaa kwenye benchi pembeni ya mbunifu, macho kwenye skrini. "Dada, hilo jina lisogeze juu kidogo. Hapo hapo. Sasa ile dhahabu naomba iwake zaidi." Dada anabofya. Kompyuta inaganda. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, na jina la bwana harusi limebaki pale pale lilipokuwa. Mteja anatazama saa, kisha anatazama mlango.

Hali hiyo niliikuta katika studio ndogo ya uchapaji Kariakoo, Dar es Salaam, na kila anayeishi kwa kazi ya mabango, kadi za harusi, fulana na kalenda anaijua. Mashine yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex 9020 ya mnara, toleo la mwaka 2013, moja ya zile kompyuta zinazotumika maofisini ughaibuni kisha kuja kuuzwa kwetu kama mtumba. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Core i5-4590 yenye viini vinne, RAM ya GB 8 na hadi diski ya GB 500. Kadi ya grafiki haikuwamo. Mwenye studio alikuwa ameshaambiwa na muuzaji mmoja kwamba dawa ni kadi ya grafiki, na pesa ameshaitenga.

"Fundi, ninunue au nisinunue?"

"Subiri, dada yangu. Tupime kwanza."

Makala haya yanaeleza tulichopima, tulichobadilisha, na kwa nini tulifuata mpangilio ule. Mashine za aina hii zimejaa mijini kwetu, na fedha nyingi hupotea kwa kutibu kiungo kisichoumwa.

Hesabu ya bango moja

Tulianza na faili. Bango la mita 3 kwa mita 1, likitengenezwa kwa pikseli 150 kwa inchi, lina pikseli 17,717 kwa upana na 5,906 kwa kimo. Ukizidisha unapata pikseli zaidi ya milioni 104. Katika CMYK, mfumo wa rangi nne za uchapaji, kila pikseli hubeba baiti 4. Kwa hiyo leya moja iliyojaa ina uzito wa takribani MB 400.

Sasa weka mandhari, picha ya maharusi, maua, kivuli na mng'ao. Leya tano zilizojaa ni GB 2. Juu ya hapo, Photoshop kwa mpangilio wake wa kawaida hukumbuka hatua 50 za nyuma ili uweze kurudi ukikosea, na kila hatua inayogusa eneo kubwa inaongeza mzigo. Windows nayo inataka sehemu yake, na kivinjari kilichofungua WhatsApp ya wateja kinataka yake. RAM ya GB 8 inajaa kabla ya saa nne asubuhi.

Ikijaa, Photoshop haisimami. Inaanza kuandika ziada kwenye diski na kuisoma tena kila inapoihitaji. Hapo ndipo kiduara kinapoanza kuzunguka.

Kuna njia ya kuliona jambo hili kwa macho. Chini ya dirisha la Photoshop, upande wa kushoto, kuna mshale mdogo. Ukiubofya unaweza kuchagua kipimo kinachoitwa Efficiency. Kikisoma asilimia 100, kazi yote inafanyika ndani ya RAM. Kikishuka, programu imeanza kuegemea diski. Tulifungua bango la yule mteja na kuongeza leya moja moja. Kipimo kikashuka, kikaendelea kushuka. Wakati huohuo tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager: RAM imejaa, diski imefika asilimia 100, na prosesa ilikuwa imetulia ikisubiri.

Hapo ugonjwa ulikuwa umejulikana. Na dawa ya kwanza ilikuwa ya bure. Bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji pikseli 150 kwa inchi. Ukishuka hadi 75, uzito wa faili unabaki robo, kwa sababu umepunguza nusu kwa upana na nusu kwa kimo. Kadi ya mwaliko inayoshikwa mkononi ibaki na 300 zake. Bango la barabarani lipunguziwe mzigo.

RAM kwanza, diski pili

OptiPlex 9020 ya mnara ina nafasi nne za RAM na inapokea hadi GB 32 za aina ya DDR3. Mbili zilikuwa na vipande vya GB 4 kila kimoja. Tukaongeza viwili vya GB 8, jumla ikawa GB 24. Vipande vinanunuliwa jozi, kwa sababu vikikaa viwili viwili vinavyofanana, prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja. Angalia pia aina: DDR4 haingii kwenye tundu la DDR3, kwani pengo la chini limekatwa mahali tofauti. Ukiona kipande kinagoma kuingia, usikilazimishe. Na hakikisha Windows yako ni ya biti 64, maana ile ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukijaza nafasi zote.

Baada ya RAM, diski. Hadi diski ya mezani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na sindano inayosafiri kutafuta data. Inaposoma faili moja lililopangika vizuri hufikia labda MB 120 kwa sekunde. Inapotafuta vipande vidogo vilivyotawanyika, kama inavyotokea Windows inapowaka na programu zinapofunguka, kasi huanguka vibaya, kwa sababu muda mwingi unaishia kwenye safari za sindano. SSD haina sahani wala sindano. Kupitia waya wa SATA wa mashine hii, SSD nzuri husoma takribani MB 500 kwa sekunde. Chukua faili la GB 4: kwa hadi diski ni zaidi ya nusu dakika, kwa SSD ni sekunde 8.

Hatukunakili Windows ya zamani pamoja na takataka zake. Tuliisimika upya kwenye SSD, tukaweka programu za kazi tu, kisha ndani ya Photoshop tukaelekeza diski ya akiba (Scratch Disk), ile inayoandikiwa ziada RAM ikijaa, kwenye SSD hiyo na kuacha nafasi ya kutosha. Hadi diski ya zamani haikutupwa. Sasa ni ghala la kazi zilizokwisha.

Vumbi

Tulipofungua kava, mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama pamba. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mashine inakuwa nzito, na mwenye nayo anadhani imezeeka.

Kazi hii inahitaji utulivu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kava ili mwili wako usibebe umemetuli. Shika feni kwa kidole unapopuliza. Futa pesti iliyokauka juu ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, rudisha kipoza na ukaze skrubu kwa mkingamo. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana.

Kadi ya grafiki ilikuja mwisho

Yule muuzaji hakukosea kwamba kadi inasaidia. Alikosea mpangilio. Kadi hufanya picha isogee laini unapokuza na kupunguza, na huharakisha vichujio kadhaa. Haifungui faili haraka wala haiongezi RAM ya mashine. Ingewekwa kwanza, dada angeendelea kutazama kiduara kilekile.

Sharti kubwa hapa ni umeme. Pawa saplai ya mnara huu ni ya wati 290, na plagi yake ya kwenye bodi ni ya Dell wenyewe, hivyo huwezi kuibadilisha kwa yoyote unayoikuta dukani. Pia haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Inabaki kadi inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu lenyewe la bodi. Tulichagua GTX 1050 Ti ya GB 4 isiyo na plagi ya ziada. Prosesa wati 84, kadi wati 75, jumla 159; zinazobaki zinatosha diski na feni. Mwenye kava jembamba apime urefu na unene wa kadi kabla ya kulipa.

Prosesa hatukuigusa. Ipo i7-4790 inayoingia kwenye tundu lilelile, lakini brashi na zana nyingi za Photoshop hutegemea kasi ya kiini kimoja, na i5 iliyokuwamo haikuwa mbali. Pesa hiyo ni bora iende kwenye UPS. Photoshop huhifadhi nakala ya uokozi kila dakika 10 kwa mpangilio wa kawaida, na umeme ukikatika dakika ya tisa, dakika tisa za kazi zimekwenda.

Pesa inayohama

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine hii ni ya kizazi cha nne. Itafanya kazi, lakini safari yake ina kikomo, na fundi mkweli lazima aliseme hilo kwa mwenye fedha.

Ndiyo maana kila kifaa tulikiuliza swali moja: kitahama? SSD itahama kwenda mashine ijayo. Kadi itahama. Hata skrini ya IPS, isiyobadili rangi ukiinamisha kichwa, ukiinunua itahama. RAM ya DDR3 haitahama, kwa hiyo tulinunua ya mtumba iliyojaribiwa, tena kiasi kinachotosha kazi. Prosesa isingehama, na hiyo ilikuwa sababu ya pili ya kuiacha.

Kwa asiyenunua bado, hukumu yangu ni tofauti. Usianze na kizazi cha nne leo. Tafuta mtumba wa kizazi cha nane, kama OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, yenye RAM ya DDR4 na nafasi ya SSD ya NVMe. Aliye nayo tayari mezani, na inamlisha, asiitupe.

Mbunifu mwenzangu, kesho asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, fungua faili lako zito kuliko yote na utazame kile kipimo cha Efficiency. Kikishuka chini ya 100, anza na RAM.