Ufundi wa Kupangua Gia

Kupangua gia ni kutoka gia kubwa kwenda ndogo gari likiwa mwendoni. Anayejifunza hudhani kazi hiyo ni ya mkono. Aliyeiva anajua kwamba ni ya sikio na mguu wa kulia; mkono huja mwisho, mlango ukiwa umeshafunguliwa. Mashofere wa Katanga, kusini mwa Kongo, husema vitesi badala ya gia, lakini jambo ni lilelile: injini na magurudumu, ambavyo kila kimoja kina kasi yake, vinakutanishwa bila kugombana.

Likasi inaonyesha vizuri kwa nini ufundi huu upo. Mji huu, uliojulikana kama Jadotville hadi 1966, umekaa katikati ya vilima vya shaba, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya taifa namba 1. Malori ya shaba na kobalti hupita hapo mchana na usiku. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 100 tu, nishati ya uzito wake ikigeuka kuwa joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji. Breki zikiachiwa joto lote hilo peke yake huanza kunuka, kisha hulegea. Gia ndogo huipa injini sehemu ya mzigo huo, nayo hulizuia gari bila kuchoka.

Gari la spoti ni jepesi na breki zake ni kali, kwa hiyo sababu yake ni nyingine. Dereva wake hupangua gia kabla ya kona ili akitoka konani akute injini iko tayari kuvuta. Ugumu uko katika hesabu. Tuseme gia ya nne inazungusha injini mara moja kwa kila mzunguko mmoja wa shafti ya kwenda nyuma, na gia ya tatu mara 1.4. Gari likiwa kwenye gia ya nne na injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, kwa mwendo uleule gia ya tatu itaitaka izunguke mara 3,500. Ile mizunguko 1,000 ya tofauti lazima itoke mahali. Dereva asipoitoa, klachi itaipora kutoka kwenye magurudumu, na gari litashtuka.

Mshtuko huo si suala la raha peke yake. Breki inapokanyagwa, uzito wa gari huegemea mbele na matairi ya nyuma hubaki mepesi. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likishtuliwa wakati huo, hasa masika udongo mwekundu unapoteleza, matairi ya nyuma huachia njia na gari hujizungusha.

Dawa yake ni kuiongezea injini mizunguko kabla ya kuachia klachi. Klachi inakanyagwa, mkono wa gia unavutwa, mguu wa kulia unagusa mafuta mara moja, injini inapaza sauti, na klachi inaachiwa sauti hiyo ikiwa imefika mahali pake. Guso likiwa dogo, gari huinama kama lililoguswa breki. Likizidi, huruka mbele. Likiwa sawasawa, hakuna kinachosikika isipokuwa sauti ya injini kupanda.

Lakini karibu na kona mguu huo huo wa kulia uko kwenye breki. Hapo ndipo ufundi unapofika kileleni. Kifundo cha kidole gumba kinabaki juu ya breki bila kupunguza wala kuongeza mkazo, na ubavu wa mguu unalala kulia hadi uguse mafuta. Miguu miwili inafanya kazi za pedeli tatu kwa pumzi moja. Kinachowashinda wengi ni kuishika breki iwe thabiti huku mguu ukigeuka. Kwa hiyo zoezi la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama, hadi mguu uzoee.

Magari ya zamani yalidai zaidi: klachi mara mbili, na guso la mafuta katikati, gia ikiwa huru, ili meno yaingiliane bila kusaga. Mwaka 1928 kampuni ya magari ya Cadillac ilileta sinkronaiza, ambayo baadaye ilitumia pete, mara nyingi za shaba njano, zinazosuguana na gia na kulinganisha kasi kabla ya meno kukutana. Pete hizo humsamehe dereva, lakini kila msamaha huzila kidogo kidogo. Anayelinganisha kasi kwa mguu wake huziachia kazi nyepesi, na gia boksi hudumu.

Afrika Mashariki iliushuhudia ufundi huu katika mbio za Safari Rally zilizoanza 1953. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973 kwa Datsun 240Z, gari la spoti la gia za mkono, katika njia za vumbi na matope. Kwa maelfu ya kilomita, gari linalogongwa gia kila kona lisingefika.

Kujifunza kuna mpangilio wake. Kwanza ni sikio kuzijua sauti za injini katika kila gia. Pili ni guso la mafuta kwenye barabara tambarare, kutoka ya nne kwenda ya tatu. Kisha mteremko, kisha breki na mafuta pamoja. Gia ya kwanza haiguswi gari likiwa katika kasi. Kipimo cha mwisho ni kichwa cha abiria: gia ikipanguliwa vema, hakitikisiki.