Shairi na Jibu Lake: Ushairi wa Kujibizana katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Utangulizi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili imekuwa desturi kulichukua shairi moja, kulitenga na mengine, na kulipima kwa fani na maudhui yake. Desturi hiyo yafaa kwa diwani ya mtunzi mmoja aliyekusudia kusomwa peke yake. Haifai kwa sehemu kubwa ya ushairi unaotungwa na watu ambao si washairi kwa kazi: karani, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, kondakta wa matatu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado anatafuta kazi. Watunzi wa namna hii ni wengi katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Tungo zao aghalabu hazikusudiwi kusimama pweke. Hutungwa ili zijibiwe, na huwa hazijakamilika mpaka jibu lipatikane.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba jibu la shairi kwa shairi ni aina ya uhakiki iliyozaliwa ndani ya lugha yenyewe, na yastahili kuchunguzwa kama uhakiki. Pili, kwamba uhakiki huo una mipaka yake, na kwamba mipaka hiyo haikuwekwa na arudhi peke yake, bali pia na jinsi shule na magazeti yalivyowafundisha watu kuisoma arudhi.

Asili ya Kujibizana

Kujibizana si jambo geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) aliwatungia watu wa mji wake na mahasimu wa nje ya mji wake, na mashairi yake mengi hayaeleweki sawasawa ila msomaji ajue yanamjibu nani na kwa neno gani. Wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi yalipelekwa na kurudishwa kama nyaraka za kidola, na washairi kama Zahidi Mngumi wa Lamu wakawa wasemaji wa miji yao. Kamange na Sarahani wa Pemba nao wanakumbukwa kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa kinoo cha kumnolea mwenziwe.

Yafaa kuangalia jinsi hazina hiyo ilivyotufikia. Tungo za Muyaka zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha W. Hichens akazichapisha mwaka 1940. Diwani iliyopatikana ina jina la mtu mmoja. Sauti za wale aliokuwa akisemezana nao zimebaki nyuma, isipokuwa pale ambapo wakusanyaji wa baadaye wamerudi kuzitafuta. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipoyahariri mashairi ya vita vya Kuduhu, waliyapanga kama mabishano, na papo hapo maana nyingi zilizokuwa zimefungika zikafunguka.

Katika karne ya 20 uwanja wa kujibizana ulihamia magazetini. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na humo jina la Shaaban Robert lilipata kujulikana kabla ya vitabu vyake kuenea. Nairobi nayo ilikuwa na Baraza tangu mwaka 1939, na baadaye Taifa Leo, ambalo kurasa zake za mashairi zimekuwa baraza la watunzi wa pwani na wa bara kwa miongo mingi. Kwa njia hiyo mtu wa Makadara aliweza kumjibu mtu wa Malindi asiyemjua kwa sura.

Mtaa na Shule

Eastlands haikuwa na ukame wa Kiswahili hata kabla ya hapo. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, ilikuwa tangu mwanzo na Waislamu wengi waliokitumia Kiswahili nyumbani na msikitini. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa na ukumbi wake wa jamii ambamo siasa ilizungumzwa kwa Kiswahili na watu wa makabila mbalimbali. Dandora ilipojengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watoto wake walikulia katika lugha ya mtaa, ambayo baadaye iliitwa Sheng, na kutoka humo likatoka kundi la Kalamashaka katika miaka ya 1990.

Lakini mtunzi wa arudhi wa Eastlands kwa kawaida hakuipata arudhi msikitini wala katika ngoma. Aliipata darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Kizazi kizima kikajifunza kuhesabu mizani, kubainisha vina vya ukwapi na vya utao, na kuitaja bahari ya shairi ili kipate alama. Elimu hiyo ina faida isiyokanika: imewapa watu wasio na babu wa pwani ufunguo wa nyumba iliyokuwa ya wachache. Hata hivyo imewapa ufunguo huo pamoja na mazoea ya mtahini. Wengi wamejifunza kuliuliza shairi "una mizani mingapi?" kabla ya kuliuliza "unasema nini?"

Aina Tatu za Majibu

Watunzi hawa wanaposomeana, iwe gazetini, katika vikao vya jioni au kwa simu za mkononi, majibu yao huwa ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni sifa. Msomaji humwambia mtunzi "heko" au "kongole, malenga", na mambo huishia hapo. Sifa hii ina kazi yake ya kijamii, kwani mtu aliyetoka kazini amechoka, akatunga beti sita, anastahili kupokewa. Lakini jina la "malenga" linapogawiwa kila anayefikisha mizani 16, hapana tena neno la kumwitia yule aliyelistahili.

Aina ya pili ni ukaguzi. Msomaji huhesabu silabi, akatangaza kwamba mshororo wa tatu wa ubeti wa nne umepungukiwa na mizani moja, kisha akaondoka kana kwamba kazi imekwisha. Hapana ubaya katika kuhesabu. Amri Abedi alizieleza sheria za utunzi mwaka 1954 ili wanaojifunza wapate mahali pa kuanzia. Lakini mkaguzi wa mtaani huzifanya kuwa mwisho wa safari.

Aina ya tatu ni jibu lenyewe: shairi kwa shairi, kwa bahari ile ile na vina vile vile. Ili kuonyesha jibu la namna hii linavyofanya kazi, na utungwe mfano juu ya jambo linalojulikana na kila mkazi wa Eastlands, uhaba wa maji:

Mfereji una kiu, mitungi imo foleni,
Tangu jua liwe juu, hata tone hatuoni,
Muuza ana makuu, bei haina kanuni,
Semeni enyi wakuu, hatia hii ya nani?

Na ajibu mwingine:

Hatia si ya wakuu, peke yao mtaani,
Bomba lina tundu kuu, alitoboa jirani,
Twaliona juu juu, tukatulia nyumbani,
Sasa twalaumu juu, na mwizi yu hapa chini.

Mtoaji sifa angesema ubeti wa kwanza ni mzuri. Mkaguzi angehesabu akakuta mizani imetimia, akanyamaza. Huenda mkaguzi mwenye masikio ya pwani angeuliza kwa nini mitungi, ilhali mtungi kwake ni chombo cha udongo kinachokaa nyumbani na kupoza maji. Angekuwa hajaelewa kwamba mtungi wa Eastlands ni wa plastiki, wa lita 20, na kwamba kazi yake ni kupanga foleni.

Mjibu amefanya zaidi ya hao wote. Amelichukua neno "hatia" katika mshororo wa mwisho wa muulizaji, akaanza nalo, kwa namna inayokaribia pindu, na kwa hiyo amekiri kwamba swali limesikika. Amelichukua neno "juu", ambalo kwa muulizaji lilikuwa saa ya mchana tu, akalifanya kwanza kuwa uzembe wa kutazama juu juu, kisha kuwa mahali pa wakubwa wanaolaumiwa. Akamalizia kwa "chini", neno ambalo muulizaji hakulitamka lakini ambalo kina chake cha "-ni" kilikuwa kikilingoja tangu mwanzo. Kwa njia hiyo amedhihirisha udhaifu wa ubeti wa kwanza: kwamba muulizaji aliuliza huku jibu amekwisha kulichagua, na kwamba katika picha yake ya mtaa kuna muuzaji na wakuu, lakini hakuna jirani.

Huu ni uhakiki. Unatoa hukumu, unaonyesha ushahidi wake ndani ya matini, tena unamlazimisha mhakiki kutimiza masharti yale yale aliyoyatimiza mtunzi. Mhakiki wa nathari hana dhamana ya namna hiyo.

Arudhi Kama Daraja

Kutokana na hayo, ubishi wa wanamapokeo na wanamabadiliko unaweza kutazamwa kwa upande usiozoeleka. Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, swali lililoulizwa mara nyingi ni kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili au ni pambo linaloweza kuvuliwa. Wanamapokeo walitetea asili. Wanamabadiliko walitetea uhuru wa fikira. Pande zote mbili zilimzungumzia mtunzi. Aliyesahauliwa ni mjibu.

Kina ni ahadi kwa mtu asiyejulikana. Mtunzi anapoweka "-ni" mwishoni mwa mshororo, anamwachia mgeni kamba ya kushika. Shairi huru, hata likiwa bora, halina kamba hiyo. Laweza kusifiwa na kufafanuliwa, lakini si rahisi kulijibu kwa namna ambayo kila mtu atatambua kuwa ni jibu. Haya hayathibitishi kwamba shairi huru si shairi. Kithaka wa Mberia na Alamin Mazrui wameonyesha uwezo wake vya kutosha. Yanathibitisha tu kwamba arudhi ina kazi ya kuwakutanisha watu, na kwamba anayeivunja ana deni la kutafuta njia nyingine ya kuwakutanisha.

Njia nyingine zipo, na mojawapo iko mtaani hapo hapo. Vijana wa Dandora walioghani kwa mdundo wa hip-hop hawakuhesabu mizani, lakini walitegemea vina na walijibizana kwa vina, kwa Kiswahili na Sheng. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Katika nyumba moja ya Kayole au Umoja yaweza kupatikana baba anayetunga tarbia na mwana anayeghani, wote wawili juu ya mfereji ule ule usio na maji, na wasijibizane kamwe. Baba huandika "mato" badala ya "macho" na "nti" badala ya "nchi", lahaja ambazo hakuzaliwa nazo, kwa kuwa amefundishwa kwamba umalenga una ulimi wa pwani. Mwana huandika maneno ambayo hakuna mhariri wa ukurasa wa arudhi angeyapokea. Mmoja ameazima ulimi wa mbali. Mwingine wake umefungiwa mlango. Kuazima si dhambi, maana lahaja za kaskazini na Kimvita ni urithi wa kila atungaye kwa Kiswahili. Lakini mtunzi akiazima ulimi wakati jambo analolisema lina jina lake mtaani, shairi lake hupoteza mashahidi.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba ushairi wa kujibizana wa Eastlands ni mwendelezo wa desturi kongwe, kwamba jibu la shairi kwa shairi ni uhakiki kamili, na kwamba sifa tupu na ukaguzi wa silabi huudhoofisha. Limebaki swali la wajibu wa wataalamu.

Idara za lugha zimezoea kuupita ushairi huu kwa kuuita wa magazetini, yaani wa kupita. Ni kweli kwamba mwingi wake ni dhaifu. Lakini mwingi wa kila ushairi ni dhaifu, na Muyaka hakuwa peke yake aliyetunga Mombasa. Tofauti ni kwamba alipata mtu wa kuzihifadhi tungo zake. Watunzi wa Eastlands hawana Mwalimu Sikujua wao: gazeti la juzi hufungia maandazi, na ujumbe wa simu hufutwa ili kupatikana nafasi. Mambo manne yanahitajika, na yote yamo ndani ya uwezo wa idara yoyote yenye wanafunzi. Mashairi yakusanywe pamoja na majibu yake, si moja moja. Kila mabishano yaandikiwe tarehe, mahali na kisa kilichoyazua. Tungo za Sheng zikusanywe kwa utaratibu huo huo, zikae kando ya zile za arudhi. Na katika kufundisha, mwanafunzi atakiwe mara kwa mara kulijibu shairi kwa shairi, badala ya kulihesabu tu.

Mwanafunzi atakayejaribu kulijibu shairi la mwenziwe kwa vina vyake atagundua upesi kwamba hawezi kulijibu asilolielewa. Hapo mizani itakuwa imerudi kwenye kazi yake.