Sukari kwenye Mkia wa Koti

Wapanda farasi wa Shule ya Kihispania jijini Vienna huvaa koti la kahawia lenye mkia mrefu, na ndani ya mkia huo mna mfuko ambao mtazamaji hauoni. Humo hukaa sukari. Farasi akitimiza alichoombwa, mkono wa mpandaji huenda nyuma, na zawadi inamfikia palepale, kabla hajasahau anazawadiwa kwa lipi. Mimi naona anayetaka kuusifu ufundi wa kufundisha aanzie kwenye mfuko huo, ubao na chaki atavikuta baadaye.

Alois Podhajsky aliiongoza shule hiyo tangu 1939 hadi katikati ya miaka ya sitini. Alizaliwa Mostar, Bosnia, mwaka 1898, mtoto wa ofisa wa jeshi la Dola ya Austria na Hungaria, naye akaingia kikosi cha askari wa farasi na kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Ungetegemea mtu wa malezi hayo awe mtu wa amri: akisema, atiiwe. Tena kazi yenyewe ina undugu na vita, kwani askari wa farasi alihitaji mnyama wa kugeuka ghafla kwa mguso mdogo tu.

Lakini farasi haamrishwi hivyo. Akitandikwa ufito atatii, ila mwili wake utakakamaa, na mwili uliokakamaa hauwezi kufanya kazi ya uzuri. Wengi wetu tulifundishwa jedwali la kuzidisha kwa viboko, na jedwali tunalo hadi leo. Hamu ya hesabu ndiyo haikubaki. Podhajsky alishika njia ya Mfaransa de la Guérinière, ambaye kitabu chake cha mwaka 1733 ndicho nguzo ya shule ile: mnyama aeleweshwe hatua kwa hatua, na hatua inayofuata isiguswe mpaka ile ya kwanza imetulia.

Madume huletwa kutoka Piber, Styria, wakiwa na umri wa miaka minne hivi. Wengi bado wana rangi ya kijivu, maana farasi hawa wa aina ya Lipizza huzaliwa weusi au hudhurungi, na weupe wao maarufu huja taratibu na umri. Mwanzoni dume hafundishwi mchezo wowote. Anajifunza kwenda mbele, kwa mstari ulionyooka, huku amembeba mtu mgongoni. Basi. Kupinda, kukusanya nguvu kwenye miguu ya nyuma, kucheza hatua palepale aliposimama, hayo yote yanasubiri, na mafunzo hula miaka. Baadhi hufika kwenye levade, ambapo farasi huketisha mwili nyuma na kuinua miguu ya mbele, akabaki hivyo kwa nukta chache. Wachache huweza capriole: anaruka juu, na akiwa hewani hupiga teke kwa miguu yote miwili ya nyuma. Nani ataweza lipi, mwalimu hampangii. Humtazama mpaka mnyama mwenyewe aonyeshe anakoelekea, na kazi hii ya kutazama ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwanafunzi wa kibinadamu naye hapendelewi. Anapandishwa juu ya dume aliyekwisha kuiva, bila hatamu, bila vikuku vya kuwekea miguu, huku mwalimu akiwazungusha kwa kamba ndefu, hadi mgongo wake ujue kukaa. Farasi mkongwe humfundisha kijana, na yule kijana akishakomaa humfundisha farasi mchanga.

Ndiyo maana mwaka 1945 ulikuwa wa hatari kwao. Mabomu yalipoizidi Vienna, Podhajsky aliwahamishia madume St. Martin, Austria ya Juu. Tarehe 7 Mei aliwaonyesha mbele ya Jenerali Patton wa Marekani, ambaye naye alikuwa mpanda farasi na aliwahi kushindana katika Olimpiki ya Stockholm, 1912. Akamwomba ulinzi wa shule, na majike wa Lipizza waliokuwa Hostau, Chekoslovakia, warudishwe Austria. Disney walilifanya jambo hilo filamu mwaka 1963, tamu mno kwangu. Podhajsky alivaa sare ya jeshi la Hitler, na weupe wa farasi haulifuti hilo. Mtu anaweza pia kuuliza ni haki gani kulilia wanyama mwaka ambao mamilioni ya watu wamekufa. Hata hivyo, wale madume wangetawanyika au kuishia machinjioni, kitabu cha de la Guérinière kingebaki kabatini na asiwepo wa kukifasiri kwa mgongo wake.

Alipostaafu aliandika kumbukumbu, akawaita farasi walimu wake. Yumo Nero, aliyeshindwa kazi ya mashindano ya mbio, kisha akampatia medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936. Podhajsky alifariki 1973. Tangu 2008 shule hupokea wasichana pia, nao huanza kama walivyoanza wavulana: juu ya mnyama anayeijua kazi kuliko wao.